Mavu wa Jikoni na Mlango wa Mzee Simiyu

Kama unasoma haya ukiwa nje ya chumba cha kusafishia damu, miguu imevimba mpaka viatu havifungiki, na umekatazwa maji zaidi ya kikombe kimoja kidogo, jua kwamba hicho kiti cha plastiki nilikikalia mimi. Nilitoka hapo nikitembea. Sina masomo mengi, niliachia darasa la sita, kwa hivyo mambo ya figo zinavyofanya kazi waulize madaktari. Mimi nitakuambia niliyoyaona. Na majina nitayataja, kwa sababu hao watu wapo, na hakuna hata mmoja wao aliyekana.

Mimi ni Wanjiru. Wazazi wangu walihamia Kitale kutoka upande wa Murang'a, nami nikazaliwa huko kwa mashamba ya mahindi. Nikaolewa Sirisia na Barasa, Mbukusu, fundi wa mawe. Kazi yake ni ya kuhamahama, leo Eldoret kesho Malaba, kwa hivyo miaka mingi nimekaa hiyo boma na watu wawili: baba yake, Mzee Simiyu, na ndugu yake mdogo, Wafula. Mama mkwe alishatangulia. Watoto wetu wakubwa wameoa na kuolewa, tumebaki na kitinda mimba, Nekesa, ambaye anasoma chuo na hurudi wakati wa likizo.

Nilipoolewa nilifundishwa adabu za huko, na nilizishika kuliko hata wenyewe. Baba mkwe na mkamwana hawapeani mkono. Kiti chake sikalii. Nyumba yake siingii akiwa ndani. Chakula chake naweka kwa kimeza cha nje, nakohoa, naondoka. Na mwanamke hapandi juu ya paa kwa boma ya mume wake, hata kama mvua inamwagikia kitandani. Anangoja wanaume. Hayo nayasema mapema kwa sababu ndiyo yaliyonifikisha kwa mashine.

Ilianza wakati wa kiangazi, kabla ya kulima. Niliona mdudu mmoja mwekundu-mweusi chini ya mabati ya jikoni langu, ametengeneza kitu kama kikombe kidogo cha kijivu, kimeshikwa na kikonyo chembamba. Mdudu mmoja tu. Siku hiyo ningeweza kumtoa kwa fagio na mambo yangeishia hapo, lakini paa la jikoni liko juu, na mimi sipandi. Nikamwita Wafula.

"Shem, hawa ni nyigu ya udongo tu, bana. Wanajenga, wanaenda."

"Udongo uko wapi hapo, Wafula? Angalia vizuri. Hiyo ni kama karatasi."

"Ati karatasi. Sasa Mama Nekesa, mdudu ananunua karatasi wapi? Bungoma?"

Akacheka. Mzee Simiyu, kwa kiti chake upande ule wa boma, naye akacheka.

Wacha niwaambie sasa, maana mimi nilijua nikiwa nimechelewa. Nyigu wa udongo anajenga kwa matope, mirija kama vidole vimebandikwa ukutani, na anaishi peke yake. Huyo mwache, hana vita na wewe. Nyuki ana manyoya, ni mnene, na akikuuma anaacha mwiba wake kwa ngozi na anakufa. Mavu ni mwingine. Kiuno chake ni chembamba kama uzi, akiruka miguu ya nyuma inaning'inia, na nyumba yake ni vishimo vishimo vya kijivu, haina asali wala matope. Haachi mwiba. Anauma, anachomoa, anauma tena.

Na hiyo karatasi anaitengeneza mwenyewe kutoka kwa mbao zako. Asubuhi nikikoroga uji nilikuwa nasikia kitu kinakwaruza kwa fremu ya mlango, krr, krr, kidogo kidogo. Nilidhani ni panya. Kumbe ni wao, wanatafuna mlango wa jikoni langu wakienda kujengea juu ya kichwa changu.

Tulipanda mahindi. Mvua ikaja. Tukapalilia mara ya kwanza, na kile kikombe kilikuwa kimekuwa kama sahani. Tukapalilia mara ya pili, kikawa kama sinia, na zingine zimeota kando yake kwenda ndani ya mabati mahali macho hayafiki. Paka wangu aliyekuwa akilala juu ya kuni alihama. Nilikuwa napika nimeinamisha kichwa. Hawakuuma. Walikuwa wanakaa tu hapo wamepangana, na ukipita na moshi wote wanageuza vichwa pamoja.

Nilimwambia Barasa kwa simu. Akasema, "Mwambie Wafula."

Nilimwambia Wafula. Akasema, "Nitakuja."

Mahindi yakatoa ndevu.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Nekesa alikuwa amekuja likizo, na saa hiyo alikuwa mtoni. Mimi nilikuwa nimeinama jikoni nachambua kunde, nikasikia ngazi inagonga ukuta. Wafula alikuwa ametoka sokoni na vijana waliomcheka kwamba anaogopa wadudu wa shemeji yake, na sasa alikuwa amefunga kitambaa kwa mti mrefu, amekichovya kwa petroli, amekiwasha. Saa sita mchana, wakati mavu wote wako macho. Hakuniita. Hakuniambia hata, shem, toka kwanza.

Aliusukuma ule mti chini ya mabati. Kitu kizima kikaanguka mlangoni kwangu kikiwaka upande mmoja, na upande mwingine wakatoka. Wafula aliruka kutoka kwa ngazi akaingia kwa mahindi na sikumwona tena mpaka jioni.

Wa kwanza alinipiga kwa jicho. Halafu sikuhesabu. Waliingia kwa kitambaa cha kichwa, wakaingia chini ya nguo, kwa mgongo, kwa mapaja. Nyumba yangu iko upande ule mwingine wa jikoni, na njia ya kwenda inapita pale pale walipoangukia. Mlango wa karibu ulikuwa wa Mzee Simiyu. Ulikuwa wazi, naye amesimama hapo ndani.

Nikakimbia kwake. Nikafika kizingitini, na hapo, Mungu ananiona, mguu wangu ukasimama wenyewe. Mavu wananila, na mguu unakumbuka adabu. Nikasema, "Baba, nisaidie."

Alinitazama. Akarudi nyuma hatua moja. Akafunga mlango, na nikasikia komeo likiingia.

Hiyo komeo ndiyo sauti niliyoisikia miezi yote iliyofuata, kuliko hata mlio wa mashine.

Nilianguka kwa majani ya ng'ombe. Nekesa alikuja na mtungi kichwani, akauacha, akachukua blanketi, akalilowesha kwa yale maji, akanifunika, akaniburuta. Kisha akanivua nguo zote pale katikati ya boma, kwa sababu walikuwa bado ndani ya nguo. Mimi, mama wa watoto waliooa, uchi mbele ya dirisha la baba mkwe wangu. Sijui kama alitazama. Dirisha lilikuwa na pazia.

Majirani walinipaka mafuta ya taa. Walinipaka udongo. Jirani mmoja alitaka kunichanja na wembe ili sumu itoke, Nekesa akakataa. Tukaenda kwa duka la dawa pale sokoni, na yule mwenye duka, wanamwita Daktari ingawa yeye mwenyewe anajua si daktari, akanipa vidonge vya kuwashwa akasema, "Mama, ni uvimbe tu. Enda ulale, kunywa maji mengi."

Huyo naye ni wa pili kunifungia mlango. Ningeenda hospitali siku hiyo hiyo pengine nisingeandika haya. Wewe ukiumwa na wengi, hata kama unasikia nafuu, usilale nyumbani. Enda, na uwaambie waangalie mkojo wako.

Kesho yake nilikojoa kitu cha rangi ya chai iliyochemshwa ikasahauliwa jikoni. Kesho yake tena kidogo tu, matone. Halafu ikaacha kabisa. Uso ulikuwa umevimba mpaka Nekesa alikuwa ananifungua macho na vidole. Pete ya ndoa ilikatwa na msumeno pale hospitali ya Bungoma, na muuguzi akaniwekea vipande viwili kwa bahasha. Daktari akaangalia karatasi za damu, akaniangalia mimi, akaita mwenzake. Wakaongea Kiingereza. Nikajua.

Nilipelekwa Kitale kwa sababu mashine ilikuwa na nafasi huko, na kwa sababu mama yangu yuko huko. Waliniingiza mpira shingoni. Damu yako unaiona ikitoka, inazunguka kwa mirija, inarudi. Unasikia baridi, baridi ya kutoka ndani ya mifupa, hata ukifunikwa makoti mawili. Ukimaliza huwezi kukumbuka jina la mtoto wako. Unaenda nyumbani unalala, na ukianza kujisikia mtu, siku ya mashine imefika tena.

Kiu ndiyo ilinitesa kuliko yote. Mvua inanyesha juu ya mabati ya mama yangu, maji yanatiririka kwa tangi, na mimi nimepewa kikombe kimoja cha mtoto, cha siku nzima. Mama alikuwa anakunywa chai nyuma ya nyumba ili nisimwone. Nilikuwa nasikia harufu.

Kwa viti vya kungojea nilipata rafiki, mzee mmoja wa Cheptais aliyekuwa mwalimu zamani. Alikuwa na kofia ya sufu hata jua likiwaka. Aliniuliza siku ya kwanza, "Mama, wewe ulifanywa na nini?"

"Na wadudu."

"Afadhali wewe, uliona adui. Mimi nilifanywa na sukari, na nilikuwa naitia kwa kikombe mwenyewe."

Alinifundisha kusukutua maji baridi na kuyatema, na kushika kipande cha limau kati ya meno. Mambo madogo kama hayo hakuna daktari aliyeniambia. Alipenda kuuliza habari za mkojo wangu mbele ya watu kama mtu anayeuliza habari za ng'ombe. "Bado hajazaa?" Nami najibu, "Bado, Mwalimu." Tunacheka, watu wanatushangaa.

Siku moja wakati watu wanaanza kuvuna, kiti chake kilikuwa na mtu mwingine. Hakuna aliyeuliza. Hapo hatuulizani hayo. Nilikaa nikiangalia mlango mpaka nikaitwa.

Wageni kutoka Sirisia walikuja mara chache. Wafula alikuja na kanisa, akasimama nyuma, na maombi yalipoisha akasema ilikuwa ajali, ni shetani tu.

Nikamwambia, "Shetani hakupanda ngazi, Wafula. Nani alikuuzia petroli?"

"Si nilikuwa nasaidia, shem? Si wewe ulisema nitoe?"

"Nilisema wakati kilikuwa kikombe."

Akina mama wa kanisa wakaanza wimbo ili tunyamaze.

Mzee Simiyu naye alikuja. Watu hawaniamini nikisema hivi. Alikuwa anatoka Sirisia alfajiri na anakaa kwa benchi la nje, kule karibu na lango, akiwa amevaa koti lake la jumapili. Haingii. Hawezi kuingia mahali mkamwana wake amelala. Anakaa mpaka mchana, anampa Nekesa mkungu wa ndizi mbivu, anaondoka. Alifanya hivyo zaidi ya mara moja. Na ndizi ndiyo kitu cha kwanza wanakukataza ukiwa kwa mashine; mgonjwa wa figo akila ndizi moyo unaweza kusimama. Nekesa alimwambia babu yake, "Kuka, mama hawezi kula hizo." Akajibu, "Mpelekee tu." Wauguzi ndio waliozila. Nilisema kwa uchungu, hata zawadi yake inataka kunimaliza, na mama yangu akanitazama vibaya, lakini sikulirudisha hilo neno.

Barasa alikuwa anakuja kila Jumapili na vumbi la mawe kwa nywele. Tuligombana mimi nikiwa sina hata nguvu za kuinua kichwa.

"Wanjiru, unataka nifanye nini? Ni baba yangu."

"Na mimi ni nani?"

"Ni mambo ya mila. Mzee alishtuka."

"Alishtuka akakumbuka komeo."

Barasa alilia. Alisema angekuwa nyumbani asingekubali. Hiyo ni kweli, na haikunisaidia kitu. Nilimwambia nikipona sirudi Sirisia, nitakaa na mama yangu Kitale, anitumie nguo zangu. Alikuwa anashika miguu yangu akibonyeza na kidole, na shimo la kidole linabaki hapo kama kwa unga wa mandazi.

Halafu siku moja, mahindi yameshakauka yote shambani na upepo unayagongesha, niliamka nikasikia haja ndogo. Nilidhani ni ndoto, maana nilikuwa nimeiota mara nyingi. Nilienda na ndoo. Ilikuwa kidogo, ya rangi mbaya, lakini ilikuwa yangu. Nilimwita mama akaja na tochi ya simu akaangalia ndani ya ndoo, akakaa chini sakafuni. Nikatamani Mwalimu angekuwepo nimwambie ng'ombe amezaa.

Walipunguza mashine polepole. Kabla ya Krismasi wakatoa mpira shingoni. Siko kama zamani: nywele zilitoka kwa mapande, jicho moja linatoa machozi bila sababu, na nikibeba ndoo nasikia mgongo. Daktari aliniambia jambo moja nilikariri: hizi figo zimerudi lakini zimechoka, na ukiumwa tena na wengi namna ile, usitegemee zitarudi.

Nilirudi Sirisia. Msiniulize kwa nini. Nekesa hurudi huko, ng'ombe wangu yuko huko, na jikoni ni langu, nililipaka matope kwa mikono yangu. Nilikaa siku nyingi bila kumsalimia Mzee. Chakula niliweka kwa kimeza, lakini sikukohoa tena. Nilikuwa naweka na kuondoka.

Kiangazi kikaja. Nikaenda kuweka uji wake asubuhi, na nikasikia. Krr. Krr. Kwa fremu ya mlango wake.

Nikainua macho. Chini ya mabati, juu kabisa ya ule mlango, kulikuwa na kikombe cha kijivu chenye kikonyo, na mavu wanne wamekishika.

Mwili mzima ulianza kuwasha pale walipokuwa wameniuma zamani. Nilirudi kwangu nikakaa kitandani. Nilifikiri mawazo ambayo sitayaandika yote. Mzee hana macho mazuri. Hatawaona mpaka wawe sinia. Wafula hataki tena kusikia habari ya ngazi. Ningeweza kunyamaza tu, kama wao walivyonyamaza, na mahindi yakitoa ndevu yeye ndiye angetafuta mlango wa kukimbilia.

Kesho yake nilitoka alfajiri, wakati kuna baridi na umande, kwa sababu wakati huo hawana nguvu za kuruka. Nilivaa suruali na koti la mvua la Barasa, nikafunga kwa kamba ncha za mikono ya koti na za miguu ya suruali, nikafunika uso kwa kipande cha neti. Nilikuwa na mkebe mtupu wa rangi, kipande cha bati, na ndoo ya maji ya sabuni. Hakuna moto. Hakuna petroli. Nikamwambia Nekesa, aliyekuwa amekuja likizo, afunge kuku na akae ndani. Nikaegemeza ngazi kwa ukuta wa baba mkwe wangu, mimi mwanamke, nikaweka mguu.

Mlango ukafunguka. Mzee alikuwa na blanketi mabegani. Akaangalia ngazi, akaangalia mabati, ingawa sijui kama aliona kitu, akaniangalia mimi.

"Mama Nekesa. Nini hiyo?"

"Mavu, Baba. Ingia ndani ufunge mlango. Wakishuka watakuumiza."

Hakusogea.

"Ingia, Baba. Siku ile ulijua kuufunga."

Nilisubiri anikemee kwa sababu ya paa. Hakunikemea. Aliliacha blanketi likaanguka hapo kizingitini, akatoka nje, akashika ngazi kwa mikono yote miwili, huku ameugeuza uso wake upande wa zizi, maana baba mkwe hawezi kumwangalia mkamwana akiwa juu. Alikuwa amesimama mahali wangemwangukia kama ningekosea. Alijua.

Nikapanda. Niliwaona karibu kuliko nilivyowahi kuwaona, wamekunjana kwa baridi, miguu imening'inia. Mmoja aligeuza kichwa. Nikafunika kikombe chote kwa mkebe, nikapitisha bati juu yake taratibu, kikonyo kikakatika. Niliwasikia wakigonga ndani ya mkebe, wanne tu. Nilishuka na bati nimelibana, nikauzamisha mkebe wote kwa maji ya sabuni na nikakaa nikiushikilia chini mpaka kukanyamaza.

Ngazi haikutikisika hata mara moja.

Sijamsamehe. Watu wa kanisa wananiambia nimsamehe ili nipone vizuri, na mimi nawaambia figo hazina habari na hayo. Lakini kila kiangazi sasa tunazunguka boma sisi wawili kabla ya jua kupanda, yeye upande ule, mimi upande huu, tunatafuta kikombe kikiwa bado kidogo. Wewe nawe fanya hivyo, na usingoje mtu mwingine apande.

Asubuhi ile ya mavu wanne, nilipoinuka kutoka kwa ndoo, alikuwa ameshaegemeza ngazi kando. Mlango wake ulikuwa wazi mpaka ndani, hata meza yake niliiona. Akausukuma ufunguke zaidi, akasimama kando yake, akingoja niingie.

Nikachukua ndoo yangu nikaenda jikoni kwangu kukoroga uji.